Sura ya Sita: Maganda ya Mwana Mpotevu

Karibu na mwaka 1496, Albrecht Dürer, fundi kijana wa mji wa Nürnberg, alichonga kwenye bamba la shaba picha ya mwana mpotevu. Kijana amepiga magoti katikati ya kundi la nguruwe, viganja amevikutanisha, macho ameyainua juu. Nguruwe wameinamia hori lao na hawana habari naye. Nyuma yao zimesimama nyumba za shambani za Ujerumani, mapaa yamechongoka na kuchakaa. Giorgio Vasari, Mwitaliano aliyeandika maisha ya wachoraji katika karne ya 16, aliisifu picha hiyo, na hakusahau kusema kwamba nyumba zile za Kijerumani ni nzuri mno.

Ni nzuri kweli. Lakini kisa chenyewe, kama kilivyo katika Injili ya Luka sura ya 15, kina njaa, kina nguruwe, na kina maganda ambayo yule kijana aliyatamani kwa kukosa kitu kingine cha kutia tumboni. Katika Kigiriki cha Injili maganda hayo yanaitwa keratia, vipembe, na wafafanuzi wengi wamekubaliana kwamba ni matunda ya mkarobu, mti unaoota Palestina, Syria, Kupro na karibu kila pwani ya Mediterania. Mifugo ililishwa maganda hayo, na maskini waliyala mwaka ulipokuwa mbaya. Kwa msikilizaji wa kwanza wa kisa kile, mkarobu haukuhitaji maelezo. Huenda aliupita njiani asubuhi ile ile.

Dürer hakuwa na mkarobu wa kuutazama. Mti huu hauvumilii baridi kali, na majira ya barafu ya Nürnberg yangeumaliza ukiwa mche. Basi akafanya kama walivyofanya wachoraji wengi wa dini: akakihamishia kisa nyumbani kwake. Miaka zaidi ya mia moja baadaye, karibu na 1618, Peter Paul Rubens wa Antwerp alifanya vivyo hivyo kwa ukarimu zaidi. Picha yake ya mwana mpotevu imejaa banda kubwa la Kiflandria, lenye farasi, ng'ombe, zana za shamba na mtu mwenye mshumaa. Yule kijana mwenyewe amesukumwa pembeni, karibu na hori, na anayekuja haraka anaweza kumkosa.

Murillo hana udhuru huo. Bartolomé Esteban Murillo alizaliwa na kuishi Sevilla, katika Andalusia, ambako mikarobu inaota na ambako maganda yake yalikuwa chakula cha kawaida cha wanyama. Katika miaka ya 1660 alichora mfululizo wa picha sita za kisa hiki, ambazo leo ziko Dublin, na mojawapo inamwonyesha kijana akilisha nguruwe. Na yeye vilevile alichagua magoti, nguo zilizochanika na uso ulioelekezwa mbinguni. Alikuwa na mti kwenye mlango wake akauacha hapo hapo. Sidhani alikosa kuujua. Nadhani aliona kwamba mtazamaji akianza kutazama majani ataacha kutazama uso.

Kuna mtakatifu mwingine ambaye alistahili kuchorwa na mkarobu. Yohana Mbatizaji, kwa maelezo ya Mathayo, aliishi nyikani kwa nzige na asali ya mwitu. Wako waliodai kwamba wale nzige walikuwa maganda ya mkarobu, na kwa sababu hiyo Wajerumani wanayaita mpaka leo mkate wa Yohana. Hoja yenyewe ni dhaifu, kwa kuwa nzige wanaliwa na watu wengi duniani bila ajabu yoyote, lakini jina lilishika. Pamoja na hayo, Geertgen tot Sint Jans, Mholanzi wa mwishoni mwa karne ya 15, alipomchora Yohana nyikani alimketisha kwenye bustani ya kijani kibichi yenye miti ya Uholanzi, na mwanakondoo kando yake. Ni picha ninayoipenda kuliko zote ninazozitaja katika sura hii, na haina jangwa wala mkarobu.

Wayahudi na Waislamu nao wana visa vyao vya mti huu. Talmudi inasimulia jinsi Rabi Shimon bar Yochai na mwanawe walivyojificha pangoni, wakiwakimbia Warumi, wakaishi kwa mkarobu na chemchemi vilivyotokea hapo kwa muujiza. Katika vitabu vya tafsiri ya Kurani, pale panapoelezwa kifo cha Nabii Sulaiman, kuna riwaya kwamba mti uliota mbele yake, akauuliza jina, ukajibu kuwa ni kharuba na kwamba umeota kwa ajili ya kubomoka kwa nyumba ile ya ibada. Visa vyote hivi vinautaja mkarobu kwa jina. Anayetaka kuuona kwa macho itambidi awaache wasimulizi awaendee waganga, wauza dawa na wataalamu wa mimea, watu waliolipwa kwa kutazama.

Na mkarobu una mengi ya kutazamwa. Ni mti wa jamii ya mikunde, wa mita kumi hivi, wenye kivuli kizito. Majani hayapukutiki yote kwa msimu. Ni magumu, yanang'aa juu, na kila jani limegawanyika vijani vya mviringo vinavyokaa jozi kwa jozi, kwa kawaida bila kijani cha pekee kwenye ncha. Ganda lake linamkumbusha mtu ukwaju uliokandamizwa ukawa bapa: la kahawia iliyoiva, refu kati ya sentimita 10 na 30, tamu katikati ya ngozi na mbegu, na mbegu zenyewe ni ngumu kama vijiwe. Maua hayana petali. Ni madogo, mengi, yamepangana kwenye vishada vifupi vinavyotoka moja kwa moja kwenye matawi makuu, wakati mwingine hata kwenye shina. Miti mingi ni ama ya kiume ama ya kike, na michache ina maua ya jinsia zote mbili. Harufu ya maua ya kiume haipendezi, na wenyeji huitania.

Jambo la ajabu zaidi ni kalenda yake. Mkarobu hutoa maua majira ya vuli, wakati miti mingine ya Mediterania inajiandaa kulala, na ganda huchukua karibu mwaka mzima kukomaa. Kwa hiyo maua mapya yanapochomoza, maganda ya mwaka jana bado yananing'inia.

Theophrastus, mwanafunzi wa Aristotle, aliliona hilo zaidi ya miaka 2,300 iliyopita. Katika historia yake ya mimea aliandika kwamba mti huu hubeba tunda la mwaka uliopita na jipya kwa pamoja, kwamba unapatikana Syria, Ionia, Knidos na Rhodes, na kwamba wanaouita mtini wa Misri wanakosea kwa sababu Misri hauoti kabisa. Hakuchora kitu. Lakini maelezo yake yangemtosha mchoraji makini kuliko picha nyingi zilizokuja baadaye.

Kuhusu Misri, mambo hayakuwa mepesi kama alivyodhani. Katika maandishi ya kale ya Wamisri iko alama ndogo ya ganda la mbegu, lililopinda kidogo na lenye kikonyo, iliyotumika kuandika neno nedjem, maana yake tamu. Wataalamu wengi wanaliona ganda hilo kuwa la karobu. Alama hiyo imo katika jina la Mutnodjmet, mke wa Farao Horemheb, kwa hiyo imechongwa kwenye mawe ya kifalme kwa mkono wa mafundi bora wa zama zao. Kama ni karobu kweli, basi mojawapo ya picha zake za kale zaidi ilichorwa ili kutaja ladha, na mti wenyewe ukaachwa nje. Ganda kavu husafiri vizuri na haliozi upesi, kwa hiyo fundi wa Misri angeweza kulifahamu bila kuwahi kukaa chini ya mti wake.

Pliny, Mrumi aliyekufa mwaka 79 Vesuvio ilipolipuka, alikuwa na malalamiko yanayohusu somo letu moja kwa moja. Aliwataja Wagiriki waliotunga vitabu vya dawa kwa kuchora mimea na kuandika chini yake sifa zake, akiwemo Crateuas. Njia hiyo inavutia, alisema, lakini inadanganya. Rangi ni nyingi, wanaonakili wanaharibu, na tena haitoshi kuuchora mmea katika wakati mmoja ilhali sura yake inabadilika majira manne ya mwaka.

Hoja ya kunakili ilithibitishwa vibaya sana katika miaka 1,000 iliyofuata. Kitabu cha dawa cha Dioscorides, tabibu wa karne ya kwanza, kilinakiliwa Konstantinopoli, kikatafsiriwa kwa Kiarabu Baghdad katika karne ya 9, kikasomwa kutoka Andalusia hadi Uajemi. Mkarobu umo ndani yake, na ushauri ni wa tumbo: maganda mabichi hulegeza choo, makavu hukifunga. Maneno hayo yalivuka lugha tatu bila kuumia sana, kwa maana mwandishi akikosea neno msomaji hushtuka. Picha haina ulinzi huo. Anayenakili picha ya mti asioujua hunyoosha kilichopinda, husawazisha kilichoenda upande, na kila nakala inazidi kuwa nadhifu na kuuacha mti mbali.

Lile la majira wachoraji wa mimea walilitatua kwa ujanja ambao tumeuzoea hata hatuuoni. Wanaweka ua na tunda kwenye tawi moja. Fungua kitabu chochote cha zamani cha mimea na utakuta mwembe wa karatasi una maua yaliyochanua kando ya embe lililoiva. Ni uongo wenye manufaa, na kila msomaji ameukubali. Ila kwa mkarobu si uongo. Hapo mchoraji anachora kile hasa ambacho mkulima wa Kupro anakiona mwezi wa Septemba na Oktoba, na mtazamaji asiyeujua mti atadhani ametumia ujanja ule ule wa siku zote.

Uongo wake uko kwingine. Karatasi moja inayoonyesha ua la kiume na la kike kana kwamba ni ndugu wa tawi moja imeunganisha miti miwili. Tena kuna shauku ya kukata tawi changa. Tawi changa linakaa vizuri kwenye karatasi, lina majani mazuri, halina magamba wala vidonda. Maua ya mkarobu, hata hivyo, hutoka kwenye gogo kuukuu. Mchoro unaoyaweka kwenye ncha laini ya tawi umebuniwa mezani. Ule unaoonyesha kipande cha mti mzima, chenye gamba la kijivu na vishada vikitokea hapo palipo pagumu, umetoka kwa mtu aliyesimama chini ya mkarobu, au aliyeletewa kipande na mtu aliyesimama hapo. Tangu nijifunze kutazama hivyo, nikipata picha ya mkarobu huanza na gamba, kisha ncha ya jani, na maganda huyaacha mwisho.

Maganda karibu kila mtu aliyachora vizuri, na sababu ni ya kibiashara. Yaliuzwa kaskazini mwa Ulaya kwa wauza dawa, kwa hiyo mchoraji wa London au Frankfurt aliweza kulipata moja mezani pake wakati jani na ua alivisikia tu. John Gerard, Mwingereza aliyechapisha kitabu kikubwa cha mimea mwaka 1597, ni mfano mzuri. Alikuwa na sura nzima ya mkarobu na alijivuna kwamba amezipanda mbegu zake katika bustani yake, zikastawi vyema. Namwamini kuhusu miche. Kuhusu michoro, karibu yote iliyo katika kitabu hicho ilipigwa chapa kwa vibao vya mbao vilivyokodiwa kutoka Frankfurt, vilivyochongwa kwa ajili ya kitabu cha Mjerumani mmoja. Ndivyo biashara ya vitabu ilivyokwenda: ubao ulikuwa ghali, mwandishi alikuwa rahisi.

Mtu anayestahili kukaa zaidi katika sura hii ni Elizabeth Blackwell. Mumewe, Alexander, alifungua kiwanda cha kupiga chapa jijini London bila kupitia uanagenzi uliotakiwa, akatozwa faini, akafilisika, akatupwa katika jela ya wadaiwa. Mkewe aliyebaki na deni alisikia kwamba matabibu wanahitaji kitabu kipya cha mimea ya dawa. Akahamia karibu na bustani ya wauza dawa ya Chelsea, akaanza kuchora. Alichora, akachonga mabamba ya shaba kwa mkono wake mwenyewe, akapaka rangi kila karatasi iliyopigwa chapa. Kazi tatu ambazo kwa kawaida ziligawanywa kwa mafundi watatu zilifanywa na mwanamke mmoja. Inasimuliwa kwamba michoro aliipeleka jela, mumewe akaongeza majina ya mimea katika lugha mbalimbali.

Kitabu kilitoka kwa vipande, picha nne kila wiki, kati ya mwaka 1737 na 1739, mpaka zikafika 500. Mkarobu ni mmoja wa mimea hiyo. Ninachokipenda katika kazi ya Blackwell ni kwamba haijitutumui. Hakuwa na elimu ya chuo na hakudai kuwa nayo. Alichora kilichokuwa mbele yake, sehemu kwa sehemu, maandishi machache pembeni, ili tabibu aliye dukani asimpe mgonjwa kitu kingine. Fedha zilipatikana na mume akatoka jela. Baadaye Alexander alikwenda Uswidi, akajiingiza katika siasa za huko, na mwaka 1747 akakatwa kichwa Stockholm kwa njama. Kitabu cha mkewe kilikuwa kinaandaliwa kwa toleo la Kijerumani huko Nürnberg, mji wa Dürer. Hivyo mkarobu ulifika Nürnberg hatimaye, kwenye karatasi.

Mwaka 1753 Linnaeus, mtaalamu wa mimea wa Uswidi, aliupa mti jina unalotumia mpaka leo katika sayansi, Ceratonia siliqua. Mfumo wake ulipanga mimea kwa kuhesabu viungo vya uzazi vya ua, na kwa mkarobu hesabu ilimsumbua, kwa kuwa ua la mti huu si la mti ule. Akauweka katika kundi la Polygamia, fungu la mimea yenye ndoa zisizoeleweka. Tangu hapo mchoraji hakuruhusiwa tena kuridhika na ganda. Alitakiwa apasue ua, alikuze, aonyeshe stameni tano zimekaa wapi na ovari iko vipi. Tunda la mabadiliko hayo linaonekana vizuri katika kitabu cha Kijerumani cha mimea ya dawa kinachojulikana kwa jina la Köhler, kilichotoka Gera mwishoni mwa karne ya 19. Karatasi yake ya mkarobu, iliyopigwa chapa kwa rangi nyingi, ina majani, vishada vya maua, ganda la kahawia, na kuzunguka hayo vipande vilivyokatwa na kukuzwa, kila kimoja na namba yake. Ndiyo picha ya mkarobu iliyonakiliwa kuliko zote leo. Ni sahihi, na baridi kama hati ya forodha.

Ilibaki kwa Mkatalani mmoja kuutoa mti kwenye maabara. Joan Miró alikuwa na shamba la familia Mont-roig, kusini mwa Barcelona, ambako mkarobu ni mti wa kila siku, na inasimuliwa kwamba alikuwa na desturi ya kutembea na ganda lake mfukoni. Mwaka 1923 na 1924 alichora mandhari ya Katalunya iitwayo Mwindaji, ambayo sasa iko katika jumba la sanaa ya kisasa la New York. Ndani yake iko duara kubwa la rangi ya mchanga, lina jani moja tu lililochomoza, na katikati yake jicho linakutazama. Duara hilo ni mkarobu: shina lililokatwa kati. Hakuna stameni, hakuna ganda, hakuna jozi za vijani. Mchoraji aliyeujua mti huu tangu ujana wake ameuchora kwa namna ambayo mtaalamu wa mimea asingeutambua bila kuambiwa, na bado sioni mkarobu mwingine katika sanaa ulio hai kuliko huo.

Kwa zaidi ya karne mbili baada ya Linnaeus, wataalamu waliamini kwamba mkarobu hauna ndugu, yaani jenasi nzima ina spishi moja. Kisha mwaka 1980, katika jarida la bustani ya Kew, Dorothy Hillcoat, Gwilym Lewis na Bernard Verdcourt walitangaza wa pili, wakauita Ceratonia oreothauma, ajabu ya milimani. Una nususpishi mbili. Moja iko katika milima ya kaskazini mwa Oman, ile inayoonekana kutoka Muscat ambako familia nyingi bado zinazungumza Kiswahili cha Unguja sebuleni. Nyingine iko kaskazini mwa Somalia. Verdcourt hakuwa mgeni wa upande huu wa dunia. Aliwahi kufanya kazi Nairobi katika hebaria ya Afrika Mashariki, yaani hazina ya mimea iliyokaushwa, na jina lake limo katika vitabu vingi vya mimea ya Kenya, Uganda na Tanzania. Wachungaji wa mbuzi wa milima ile bila shaka waliujua mti wao muda wote.

Mchoro wa spishi mpya hutengenezwa kwa njia ambayo Blackwell angeielewa upesi. Mchoraji wa hebaria hupewa tawi lililokaushwa na kubanwa kwenye karatasi, pengine miaka mingi iliyopita. Ua moja huchovywa katika maji ya moto ili lilainike na kufunguka, huwekwa chini ya darubini, na kila sehemu hupimwa kabla wino haujagusa karatasi. Rangi haitumiki, kwa kuwa tawi kavu limekwisha kuipoteza. Kando ya kila sehemu huwekwa mstari mfupi wa kipimo. Na kwa mti wa jenasi hii tawi linalochaguliwa halina budi kuwa na kipande cha gogo kuukuu, kwa sababu maua yako hapo.